Kitambaa cha Kuonyesha Rubani

Kaka,

Kiprono, mwenzako wa kubebea askari mizigo, aliniletea vitu vyako: blanketi, kijiko, na kile kitambaa kikubwa cha rangi ya machungwa walichokufunikia ulipofariki. Nilipokiona nilishtuka, kwa sababu ni mimi niliyekifua.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho? Ulikuja nacho kimeviringishwa kwenye blanketi, kimejaa matope ya Nyandarua. Nikakisugua kwa sabuni ya mche, nikakianika juani siku nzima mpaka kikapauka. Ukacheka, ukasema, "Dada, sasa rubani ataniona vipi?" Nami nikataka kujua kila kitu. Ukanieleza kwamba mnakitandika penye uwazi, askari anawasha moshi, na rubani akiviona anajua walio chini ni wenu. Ndipo anaangusha unga na dawa. Na asipoviona? Ukasema anarudi na mzigo wake, au anawadhania nyinyi ndio adui. Sikukuuliza juu ya hao adui, wapiganaji wa msituni wanaoangushiwa mabomu. Nao ni watoto wa watu, na mpaka leo hilo linanisumbua.

Kiprono alisema ulishikwa na nimonia. Mlitandika kitambaa siku mbili, ndege ikasikika ikizunguka, kisha ikaondoka na dawa zako. Tangu hapo chakula hakikunishuka, kaka. Nilijua nimekuua kwa sabuni.

Unanijua, jambo likinikera situlii. Jumapili baada ya kanisa nilimwomba Kiprono akitandike kwenye shamba la mahindi lililovunwa, chini ya mlima Menengai. Mimi nikapanda mpaka juu, viatu mkononi. Nilipogeuka, nyumba za mtaa wa Milimani zilikuwa kama viberiti, na Kiprono mwenyewe sikumwona. Kitambaa nilikiona mara moja.

Nilishuka mbio nikamwuliza hali ya hewa ilikuwaje siku zile mbili. Akasema wingu lilishuka mpaka kwenye mianzi, hata mtu wa mbele yako ulimjua kwa kikohozi tu. Nikamwuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema sikumwuliza. Mimi, ninayeuliza kila kitu!

Nilikaa kwenye mabua nikalia mpaka Kiprono akaona haya.

Kitambaa nimekiweka kwenye sanduku langu na matope yako ya mwisho. Nakuahidi sitakifua tena. Lala salama, kaka. Kilipauka, ni kweli, lakini kilionekana.

Dada yako