Maziwa ya Mama Hayana Sumu

Pretoria

Mama yangu, shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeshaanza hapo Gorong'a? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikomesha, nalala na soksi mbili. Kaka Mwita, msomee Mama taratibu, usiruke mistari. Sikupiga simu kwa sababu nataka karatasi ibaki nyumbani.

Mama, umeshinda.

Tangu wachimbaji wa dhahabu walipoharisha na mwenyekiti wa kitongoji akakukataza kuwauzia maziwa ya mgando, sikupata amani. Kipimo cha kwanza kilikuta bakteria wa jina moja kwenye maziwa yako na kwenye choo cha wagonjwa. Watu wakahukumu kama tunavyohukumu wizi wa ng'ombe: nyayo zimeishia kwenye mji wako, basi ujibu. Niliposikia wamemwaga kibuyu chako cha maziwa hadharani nililia kwa hasira. Kwenye simu ukasema, "Kama ni maziwa yangu, niambie wewe kabla yao." Niliogopa, Mama, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Sampuli zilipoletwa maabara kwetu nilikataa kuzigusa, wasije wakasema mtoto kamsafisha mama yake. Mwenzangu Chanda, Mzambia, alizipa namba akaficha majina. Tukasoma jeni za bakteria wote, tukazilinganisha. Kumbe bakteria hao ni ukoo mkubwa, na wengi hukaa tumboni mwa watu na ng'ombe bila kudhuru. Wale wa wagonjwa wana jeni za kutengeneza sumu. Wa namba saba hawana hata moja. Wa namba kumi na mbili wanazo zote, sawasawa na wa wagonjwa. Chanda akafungua daftari lake: saba ni maziwa yako, kumi na mbili ni maji ya shimoni wanayokunywa wachimbaji bila kuchemsha. Nikapiga vigelegele, maabara nzima ikageuka.

Mganga mkuu wa wilaya ana majibu, ila nimemwomba asiyasome mkutanoni mpaka barua hii ikufikie. Siku hiyo vaa kitenge kipya, ukae mbele. Usiwatukane wachimbaji, japo nakujua. Waambie wachemshe maji. Nao wametoka mbali na mama zao kama mimi.

Nisalimie Bibi, na wifi Nyangi anayekusaidia kukamua. Shangazi Robhi, aliyeendelea kunywa maziwa yako wengine walipokimbia, mwambie nampenda sana.

Na mwenyekiti pia msalimie. Mwambie siku ya mkutano aje na kikombe chake.

Binti yako,
Bhoke