Ghala Limefunguka Bila Mimi

Zuzu, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na goti limepunguza kukusumbua kwa baridi ya huko milimani. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na vumbi la huku limeshanizoea. Zuhura, wewe unayemsomea Mama, usiruke mstari hata ukisikia umetajwa, maana utatajwa.

Salamu za ndoa ya Zuhura zimenifika. Nimesikia pia kwamba Baba Mdogo amejitolea, nikibanwa na kazi nimpe uwakala aozeshe yeye. Namshukuru sana. Lakini tangu Baba atutoke, walii wa kumwozesha Zuhura ni mimi, kaka yake. Nilipowaza kwamba mtu mwingine ataushika mkono wa bwana harusi huku mimi niko Zuzu nabonyeza kompyuta, roho iliniuma. Nikaenda kwa meneja wetu, Bwana Mushi, kuomba ruhusa.

Alinikatalia. Si mtu mbaya, Mama, ila alikuwa na sababu. Kampuni hii ilinunua maghala ya zamani ya serikali hapa karibu na reli, na hakuna lori la mahindi linalotoka getini bila hati iliyochapwa na kompyuta. Programu inayotoa hati hizo niliiandika mimi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na mashine yetu ni ya aina ya Unix, inayopokea amri za kuandikwa. Programu ya namna hiyo haiamki kwa kuguswa tu. Lazima uandike mstari mrefu wa kuieleza mashine Java iko wapi, vipande vya programu viko wapi, na ianze na kipande kipi. Ukikosea nukta moja, inagoma. Kwa hiyo kila asubuhi naingia mimi, naandika mstari wangu, kisha namwachia kiti Mama Nyemo, karani wetu, mtu mzima wa rika lako.

Bwana Mushi akaniambia, "Siku ghala litakapofunguka bila wewe, utakwenda. Kabla ya hapo usiniulize."

Mama, unanijua. Nikivaa ubishi siuvui. Nilivikusanya vipande vyote vya programu nikavifunga katika faili moja. Kisha nikatengeneza faili jingine dogo, ule mstari mrefu ukakaa humo ndani, nikaiarifu mashine kwamba faili hilo ni la kutekelezwa, si la kusomwa tu. Nikalipa jina fupi: ghala. Unaandika neno hilo moja na programu inaamka. Nilijaribu kutwa nzima bila kukosea. Nikamwambia Bwana Mushi aandae barua yangu ya likizo, tena nikaongeza maringo kidogo.

Kesho yake akaniweka nje ya mlango na kikombe cha chai, nisiguse kitu. Malori yalikuwa yameshapanga foleni. Mama Nyemo akaingia, akaandika. Halafu nikaisikia sauti yake: "Baba, hiki kitu kinasema sina ruhusa. Mimi ofisi hii nimeingia kabla yako."

Bwana Mushi alinitazama, nikaweka kikombe chini. Nikaiona harusi ikipita mbele yangu bila mimi.

Kosa lilitokana na adabu zetu. Miezi yote hiyo, kwa heshima, nilikuwa namfungulia Mama Nyemo mashine kwa jina langu, ili mtu mzima asihangaike. Hakuwahi hata siku moja kuingia kwa jina lake mpaka asubuhi hiyo. Na mimi faili zote, na hata Java yenyewe, nilikuwa nimezihifadhi katika sehemu yangu binafsi ya mashine, ambayo wengine hawaingii. Ni sawa na kupika pilau, kuifungia chumbani kwako, halafu ukawakaribisha wageni mezani.

Sikujitetea; nilimwomba Bwana Mushi nafasi moja tena. Nilihamisha kila kitu kwenye sehemu ya wote, nikaiweka ile amri ya ghala mahali ambapo mashine huitafuta kwa yeyote anayeiita, nikawapa wote ruhusa ya kuitumia ila si ya kuibadilisha. Nikairekebisha na njia ndani ya lile faili dogo, maana ilikuwa bado inaelekea kwangu. Kisha nikarudi nje kwenye chai yangu, ambayo ilikuwa imepoa.

Mama Nyemo akaandika tena. Nikasikia printa inaanza kukwaruza, hati ya kwanza ikatoka, na dereva wa kwanza akawasha lori. Siku iliyofuata nilichelewa makusudi. Nilipofika malori yalikuwa yameshaondoka, na Mama Nyemo akaniuliza nimefuata nini. Nilifurahi, Mama, ingawa kidogo niliona wivu.

Likizo nimepewa. Barua hii inatangulia na basi la leo, nami nitaifuata nikimaliza kununua kanzu.

Nisalimie Bibi mzaa Baba, umwambie dawa yake ya macho ninayo. Msalimie shangazi mwenye duka, na shemeji mtarajiwa, ambaye nataka kumwona akitetemeka kidogo. Baba Mdogo mpe salamu za pekee, na umwombe akae karibu yangu siku hiyo, nikisahau maneno anikumbushe.

Zuhura, hapa soma kwa sauti, Mama asikie vizuri: mkono wa mumeo nitaushika mimi.

Ni mimi mwanao,
Hassani