Kalekye na Maji ya Kuoga Aliyotuma Kisilu

Mwaka umezunguka, Mama yetu Kalekye, tangu tukulaze kando ya shamba lako la mbaazi huku Kathonzweni. Bado tukiingia mlangoni tunakuita, halafu tunakumbuka.

Miaka uliyofanya kibarua katika kituo cha utafiti pale Kiboko, ulirudi jioni na mbegu mfukoni, ukazipasua mezani uone kwa nini hii imevumilia jua na ile imekufa. Chai yako ilikuwa na tangawizi hadi wageni wanakohoa, na hakuna aliyetoka kwako bila kufungiwa kitu cha kubeba.

Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina, ukaenda kwa njia ya sokoni, mwishowe ukafika bafuni. Ulikataa kuoga. Wewe, uliyetukagua masikio kabla ya kanisa! Ngozi ikachubuka chini ya matiti, ikawa vidonda, na Wavinya, kifungua mimba wako, akaona heri akupeleke Nairobi ukatunzwe na muuguzi.

Baba akamwambia, "Ngoja kwanza. Huyu ana sababu. Wacha niitafute."

Unamjua. Amekuwa fundi wa pampu za visima maisha yake yote, na pampu ikikataa haigombezi. Anakaa chini anaisikiliza. Basi aliingia bafuni peke yake na nguo zake, akaketi kwa kile kiti cha plastiki tulichokununulia, akafungua shawa. Wavinya akasikia maji, akagonga mlango.

"Baba, unafanya nini huko?"

"Naangalia kile anaona."

Alitoka ameloa chapachapa, macho yake yakiwa mbali. Maji yalikuwa yamempiga kichwani kama mvua ya mawe. Na ule mpira mweusi wa sakafuni wa kuzuia kuteleza, ukiutazama kutoka juu, ulifanana na shimo. Nani angekubali kukanyaga shimo huku akipigwa na mawe? Akautoa mpira, akatandika taulo jeupe, na shawa akaifunga. Beseni la maji akaliweka juani hadi yakawa vuguvugu, akangoja bafu lipate joto, karibu na saa ya chakula cha mchana.

Ukakubali kuingia. Lakini alipogusa kifungo cha gauni lako ukampiga kofi.

"Toka hapa! Mimi ni mke wa mtu!"

"Wa nani, mama?"

"Wa Kisilu. Akikupata hapa utajua!"

Na Kisilu ni yeye. Alitoka akaketi kwa ngazi, na Wavinya alipomkuta hakujua kama analia au anacheka. Mwenyewe alisema ni yote mawili. Angeweza kubishana na wewe. Badala yake, kesho yake alisimama nje ya mlango kama mgeni.

"Hodi, mama. Kisilu amenituma nikuletee maji ya kuoga."

Ulifikiria. "Yeye yuko wapi?"

"Ako kwa pampu. Anakuja."

"Haya. Weka hapo."

Alikufunika na leso, akakuacha uvue gauni mwenyewe chini yake. Alianza na miguu, polepole, akikuambia anachotaka kugusa kabla hajakigusa. Vidonda alivimwagia maji juu ya leso, kisha akabonyeza taulo bila kusugua. Zile sehemu ambazo hukutaka mtu aziguse, alikupa kitambaa chenye sabuni, akageuka akatazama ukuta. Ulipochoka aliacha hapo hapo, hata kama mgongo haujaoshwa. Mgongo ungengoja kesho.

Ulipokuwa ukivaa ukamwambia, "Mwambie Kisilu asichelewe. Chakula kitapoa."

"Nitamwambia."

Akatoka, akabadilisha shati, akaja mezani kama mtu aliyetoka kazini. Ukamtazama.

"Umechelewa," ukasema, ukamsogezea sahani.

Vidonda vilikauka, na Wavinya hakuitaja Nairobi tena. Kuna siku ulimkataa hata huyo mjumbe. Siku hizo alikupangusa uso na mikono tu, kisha akarudi wakati mwingine na hodi yake.

Lakini kuna jambo moja tungependa kujua, Mama. Wiki ile ya mwisho, kabla homa ya mapafu haijakuchukua, Baba alikuwa akikuosha vidole vya miguu, mara ukaanza kucheka. Ulicheka hadi leso ikatikisika.

"Unacheka nini?" akakuuliza.

Ukamwangalia usoni. "Kisilu, si unajua."

Hajui. Mwaka mzima amejaribu kukumbuka. Asubuhi anaweza kuacha chai akasema, "Labda ni ile siku ya mbuzi na kofia ya pasta wetu." Kesho yake anasema hapana, ni ile safari ya Makindu, mlipopanda lori la vitunguu mkafika harusini mkinuka. Hivyo ndivyo tunavyosikia mambo yenu ya ujana ambayo hamkuwahi kutuambia, moja baada ya jingine. Kila moja linatuchekesha. Yeye anatikisa kichwa, anasema bado si hilo.

Unakumbukwa na mume wako Kisilu. Watoto wako Wavinya na Nthiwa. Mkaza mwana wako Ndunge. Wajukuu wako wote. Na akina mama wa kanisa uliokuwa ukiketi nao benchi moja. Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, siku zote za maisha yetu.