Kwani Yangu Imezidi?

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Nimekaa chumbani kwako hapa Mhunze, kopo lako la ugolo mapajani. Kabla sijasema nilichokikuta ndani, ngoja nikiri: tangu moyo wako uliposimama mwezi uliopita, nilikuwa namshuku mke wako, mama mdogo. Tena si kidogo. Kila nilipopiga simu kutoka Geita kuuliza kama umekunywa dawa, alijibu haraka mno, "Amekunywa, mayu." Haraka ya nini? Nilidhani anakunyima, au anawapa ndugu zake. Hata uji wake niliunusa. Msibani aliponinyooshea mkono, sikuupokea.

Unakumbuka siku tuliyotoka hospitali Shinyanga? Daktari alisema mshipa wa moyo wako ulizibwa na bonge la damu, na vile vidonge vingezuia chembe ndogo za damu zisishikane zikafanya bonge jingine. Unywe kila siku, usiruke. Kwenye bajaji ukaniuliza, hasa ni za nini? Nami, mjuaji, nikafupisha: "Za kupunguza damu, baba."

Ukanitazama. "Kwani yangu imezidi?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wako uleule.

Wiki iliyofuata ulijikata kidevu kwa wembe, damu ikachelewa kukata. Ukanionyesha kitambaa. "Ng'ombe ukimpunguza damu, halimi," ukasema. Daktari alikuwa ametuonya kwamba damu itachelewa kukata, nikakujibu ni kawaida tu, nikapanda basi kurudi kazini. Kumbe ulikuwa umeshaamua.

Vimo humu, baba. Vidonge vyote, vimegeuka rangi ya ugolo. Ulikuwa unavitia kinywani mbele ya mama mdogo, kisha unavitema humu. Naye aliniambia alichokiona.

Nakukasirikia. Wewe uliyebishana hata na redio, kwa nini hukubishana na mimi? Ningekueleza upya, polepole, kwa Kisukuma. Na nimekukumbuka mpaka naumwa.

Mama mdogo yuko uani anaanika michembe ya viazi. Hajui kwa nini sikumpa mkono. Nikiikunja barua hii naenda kumpigia magoti, nimwonyeshe kopo, nimwambie neno lililokutisha lilitoka kinywani mwa nani.

Lala, baba.

Ni mimi binti yako,
niliyeshuku kila mtu isipokuwa ulimi wangu.