Nilivyosema Ukweli Mbele ya Mkwe

Alhamisi jioni, Ikungi

Nimesema. Mkwe wangu, mume wa binti yangu Neema, akiwa amekaa pembeni yangu hospitalini, nimemwambia daktari kwamba mkojo unatoka kwa shida na usiku naamka mara sita.

Kwetu habari za chini ya kiuno hazitajwi mbele ya mkwe. Ndiyo maana safari iliyopita, naye akiwepo, nilijibu kwamba nakojoa vizuri kabisa. Nikarudi na uongo wangu, nikiwaza onyo la daktari: mionzi inatibu saratani yangu ya tezi dume, lakini inaweza kuunguza kibofu, mtu akatoa damu au akashindwa kujizuia. Niliogopa kunuka mkojo kanisani kuliko kufa.

Leo daktari alipouliza tena, mkwe aliinuka atoke. Nikamwambia, "Kaa, baba. Wewe ndiye utakayenipeleka kwenye matibabu."

Nikasema yote. Mkwe akatazama viatu vyake.

"Afadhali umesema, mzee," daktari akasema. "Ungeficha, tungekupiga mionzi hivyo hivyo, na kibofu kingekutesa zaidi. Tunaanza na dawa ya kulegeza njia ya mkojo, kisha mionzi."

Hatari bado ipo, hakunificha. Nimekubali mionzi.

Kwenye basi huwa sinywi maji, nisije nikaomba kushuka. Leo tukirudi nyumbani, tulipopita Manyoni mkwe aliniuliza taratibu, "Baba, nimwambie dereva asimame?"

Nilishuka mbele ya abiria wote, kichwa juu. Niliporudi, alikuwa amenifungulia chupa ya maji. Nikainywa yote.