Makomamanga ya Mlangoni

Elkana mkwe wangu, supu iko jikoni, ipashe moto. ~~Makomamanga ya kwenye bakuli ni ya Mwaka Mpya.~~ Msiyaguse, hata kuku msiwape. Nitayatupa mwenyewe nikitoka sinagogi.

Asubuhi niliyachuma nikiamini mti wa mlangoni umeshapita ile miaka mitatu ya mwanzo ambayo Torati inakataza matunda yake kuliwa au kutumiwa kwa lolote. Binti yako Tirtsa akanishika mkono. "Babu, si uliuhamisha mwaka jana, mizizi ikiwa haina hata udongo? Kisheria ni mti mpya, hesabu imeanza upya." Nikamkumbusha kwamba sheria hiyo nilimfundisha mimi. Akasema, "Ndiyo maana naijua."

Najua unacheka, Elkana. Cheka tu. Ila ukiwasimulia majirani, usisahau kuwaambia mtoto huyo kafundishwa na nani.

Babu