Mchi wa Mwalimu Bimal

Jumamosi, alasiri. Hapa Kabuku kuna mawingu tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nina aibu, na leo nimeamua kuiandika.

Mchana mjukuu wetu aliyeko Korogwe ametutumia video: wasichana wa India wanacheza besiboli, jezi safi, watu wamejaa wanashangilia. Mke wangu ameitazama mara nne. Kisha akasema polepole, "Baba Zubeda, nisingekimbia siku ile, mwalimu wetu wasingemwondoa."

Nimekuwa nikinyamaza tangu enzi za Ujamaa.

Mwalimu Bimal alitoka India kuja kufundisha hesabu katika kijiji chetu kipya. Alitusimulia kwamba kwao mchezo ule uliletwa na askari wa Kimarekani wakati wa vita. Askari walipoondoka, watoto wakaendelea kucheza kwa mianzi na mipira ya matambara, ukaenea mtaa hadi mtaa. Hapa kwetu alichonga mchi wa kutwangia ukawa gongo, akasokota katani ikawa mpira, na mfugaji mmoja akampa ngozi ya kuufunika.

Mimi nilikuwa kijana wa chama, mwenye sauti na kidomodomo. Siku ya mechi, mbele ya kijiji kizima, nilirushiwa mpira mara tatu, nikaukosa mara tatu. Akaja Mwanahawa, binti wa Kizigua, akakaza kanga kiunoni, akaupiga ukaangukia kwenye mihogo. Akakimbia kuvizunguka vituo vyote vya uwanja mpaka alipoanzia, wanawake wakipiga vigelegele.

Jioni ile nilikwenda peke yangu kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia mwalimu anawafundisha watoto mchezo wa mabeberu. Zama zile neno hilo likishatamkwa, nani angethubutu kumtetea aliyetajwa? Nilijidai ni siasa. Ulikuwa wivu mtupu.

Uwanja ukaamriwa ulimwe pamba. Mwalimu Bimal alikuja na jembe lake akalima pamoja nasi, hakuuliza kitu. Wiki iliyofuata akahamishwa. Kwa kuwa mwenyekiti hakumtaja aliyesema, wazee wakaamua kisa ni yule binti aliyekimbia mbele za wanaume. Baba yake alimchapa. Mchi ukarudi kwenye kinu, na binti hakuushika tena ila kwa kutwanga.

Miaka miwili baadaye nilimwoa Mwanahawa. Watu wakanisifu kwamba nimemsitiri.

Nami nikazipokea sifa.

Tumezaa, tumezika, tumezeeka pamoja, na bado anabeba kosa langu akidhani ni lake. Nimeliandika hapa mtandaoni kwanza kwa sababu ni rahisi kuungama kwa watu nisiowajua. Hilo nalo ni aibu nyingine.

Sasa hivi ameleta chai. Ananiuliza naandika nini kirefu hivi.

Nimemwambia avute kigoda akae, nimsomee.